Biskuti za Limau Zenye Uso wa Sukari Iliyounguzwa: Kazi ya Sigiri na Chuma cha Moto

Yapo mapishi ambayo mama wa nyumba huyatazama kwa mbali, kama mtu aitazamavyo nguo ya bei kubwa iliyotundikwa dukani, kisha akajiambia kwamba hayo si yake. Miongoni mwayo ni biskuti ndogo za mviringo zilizojazwa rojo la limau katikati, ambazo juu yake hufunikwa kwa sukari iliyounguzwa mpaka ikawa ngumu na yenye kung'aa, mfano wa kioo cha rangi ya asali. Vitabu vya mapishi vya siku hizi huagiza kwamba sukari hiyo iunguzwe kwa bomba la gesi litoalo ulimi wa moto, na kwamba biskuti ziokwe katika jiko la umeme lenye kipimo cha joto. Familia inayoishi katika nyumba za askari, na inayopika kwa sigiri ya mkaa barazani, husoma maagizo hayo hadi mstari wa tatu na kukifunga kitabu.

Kosa hapo ni la vitabu, wala si la mama. Chakula hiki hakikuzaliwa katika jiko la umeme. Kilizaliwa penye makaa, na chombo chake cha asili ni kipande cha chuma kilichotiwa motoni.

Mwaka 1691 mpishi wa Kifaransa aitwaye François Massialot alichapisha mjini Paris kitabu cha mapishi, na ndani yake akaeleza namna ya kuunguza sukari juu ya maziwa mazito yaliyopikwa kwa viini vya mayai. Chombo alichoagiza ni beleshi la mekoni, lile lile la kuchotea makaa, lililowekwa motoni hata likawa jekundu. Huko Catalonia, nchini Uhispania, watu wana chakula kinachofanana na hicho, chenye harufu ya maganda ya limau na mdalasini, na hukila hasa siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Nao huiunguza sukari kwa bamba la chuma la mviringo lenye mpini mrefu. Katika Chuo cha Trinity, Cambridge, Uingereza, wapishi walikuwa na chuma kilichochongwa nembo ya chuo, hata kila sahani ikatoka na nembo hiyo imechorwa kwa moto juu ya sukari. Wapishi wa Ulaya walikiita chuma cha namna hiyo salamanda, jina la mnyama afananaye na mjusi ambaye watu wa kale waliamini kuwa moto haumdhuru. Bomba la gesi lilikuja baadaye sana.

Wala kuunguza sukari si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mama apikaye kashata za njugu huiyeyusha sukari ikiwa kavu katika sufuria, huitazama inavyogeuka kutoka weupe hadi rangi ya asali, na huijua ile nukta ndogo ya wakati ambapo lazima njugu zitiwe upesi kabla sukari haijawa chungu. Mwenye ujuzi huo amekwisha kuipata sehemu iliyo ngumu zaidi katika biskuti hizi. Yaliyosalia ni unga, mayai na uvumilivu.

Kwa biskuti zipatazo 30 mpishi atahitaji unga wa ngano gramu 300, yaani vikombe viwili na nusu vya chai. Siagi au majarini gramu 200. Sukari gramu 100, ambayo ni nusu kikombe. Kiini cha yai moja. Na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Kwa rojo la limau atahitaji mayai mazima 3, sukari gramu 150, siagi gramu 75, na maji ya limau yaliyo chini kidogo ya nusu kikombe, ambayo hupatikana katika malimau 3 ya kiasi. Hapana budi ziongezwe gramu 60 za sukari kwa kufunika juu. Jumla ya sukari yote haifiki theluthi moja ya kilo. Jambo hili lafaa kusemwa waziwazi, kwa kuwa watu wengi hudhani kitu chenye uso wa sukari tupu lazima kimekula mfuko mzima.

Rojo ndilo litangulie, maana linahitaji muda wa kupoa. Maganda ya nje ya malimau mawili yakwaruzwe kwanza, yale ya manjano tu, bila kufika kwenye nyama nyeupe iliyo chini yake, kwa sababu weupe huo ni mchungu. Ndipo malimau yakamuliwe na maji yake yachujwe. Mayai na sukari vipigwe pamoja, yatiwe maji ya limau na maganda, kisha bakuli liwekwe juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole, pasipo maji hayo kuligusa bakuli.

Hapa pana jambo ambalo limewaharibia wengi kazi. Sufuria nyingi za sokoni ni za aluminiamu, na aluminiamu haipatani na ukali wa limau. Rojo likipikwa humo hugeuka rangi ya kijivujivu na kupata ladha ya chuma, na mpishi huwalaumu mayai au muuza malimau. Sufuria ya aluminiamu yafaa kuchemshia maji ya chini tu. Bakuli la juu na liwe la kioo kinachostahimili moto, la kauri au la enameli isiyobanduka, na kijiko cha kukorogea kiwe cha mti.

Rojo likorogwe bila kukoma. Kwa dakika kadhaa litabaki kama maji, na mpishi asiye na subira atashawishika kuliweka moja kwa moja juu ya makaa. Asifanye hivyo. Yai hushikamana kwa joto la kiasi; mchanganyiko huu huwa mzito ufikapo nyuzi 75 hadi 80 za sentigredi, na ukiachwa uchemke mayai hukatika yakawa vipande vipande kama mayai ya kukaanga yaliyomwagiwa maji. Mvuke wa maji ndio mlinzi wake. Baada ya muda wa robo saa hivi, mpishi akichovya kijiko na kupitisha kidole mgongoni mwake, njia ya kidole itabaki wazi bila kufunikwa. Hapo bakuli liondolewe motoni, siagi itiwe kipande kwa kipande huku akikoroga, kisha rojo liachwe lipoe kabisa. Likipoa litazidi kuwa zito.

Wenye ndimu badala ya malimau wanaweza kuzitumia. Tano hivi zatosha kwa maji yale yale. Ladha yake ni kali zaidi na harufu yake ni nyingine, lakini hakuna atakayezirudisha mezani. Machungwa peke yake hayafai, kwa kuwa hayana ukali wa kupambana na sukari ya juu, na biskuti hutoka na utamu unaochosha baada ya mbili. Chungwa moja likichanganywa na malimau mawili, hilo ni jambo jema.

Wasomaji walio katika majeshi watapenda kujua kwamba tofauti ya limau na ndimu iliwahi kuwa suala la uhai wa askari. Tarehe 20 Mei 1747, James Lind, daktari wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba ufizi na kutokwa damu, akawagawa wawili wawili na kuwapa kila wawili tiba yao. Wengine walipewa siki, wengine maji ya bahari. Wawili waliopewa kila siku machungwa mawili na limau moja walipata nafuu upesi kuliko wote, na mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini baada ya siku 6. Hata hivyo ilipita miaka 48, mpaka mwaka 1795, ndipo wakuu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza wakaagiza maji ya limau yatolewe melini. Katika karne ya 19 jeshi hilo likaacha malimau na kushika ndimu za visiwa vya Karibi, na kwa kuwa ndimu zina vitamini C chache kuliko malimau, kiseyeye kiliwarudia mabaharia wa msafara wa ncha ya kaskazini wa mwaka 1875. Kwa hiyo, maji ya limau yatakayobaki baada ya kupika rojo yafaa kunywewa mabichi na watoto, yakiongezwa maji safi, maana moto huipunguza vitamini hiyo na biskuti haziwezi kuhesabiwa kuwa dawa.

Tukio la pili ni unga. Siagi na sukari visuguliwe pamoja kwa mwiko mpaka viwe vyeupe, kiini cha yai kitiwe, kisha unga na chumvi. Unga usikandwe kama wa chapati. Ukikandwa sana biskuti huwa ngumu na kunywea. Ushikamanishwe kwa vidole tu mpaka uwe donge moja, halafu upumzishwe mahali penye ubaridi kwa nusu saa. Baada ya hapo yakatwe madonge madogo ya ukubwa wa ndimu changa, yaviringishwe viganjani, na kila moja libonyezwe katikati kwa kidole gumba ili lipate shimo. Kazi hii ni ya watoto. Kidole gumba cha mtoto wa miaka saba au minane hufanya shimo dogo linalopendeza, na mtoto huyo atakumbuka ni biskuti zipi alizozibonyeza yeye.

Kuhusu kuoka, wenyeji wa pwani wamejua tangu zamani kupika mkate wa kumimina kwa kupalia moto juu na chini, na njia hiyo hiyo itatumika hapa. Sufuria kubwa nzito iwekwe mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, na juu ya mchanga viwekwe vijiwe vitatu vya kubeba sinia la bati. Sufuria ifunikwe na kupashwa moto kwa muda wa dakika 20 kabla ya kutia chochote, huku makaa machache yakiwekwa juu ya kifuniko. Kwa kuwa hakuna kipimo, mpishi anyunyize unga kidogo juu ya sinia tupu. Ukigeuka rangi ya kahawia hafifu kwa muda wa dakika 5, joto linafaa. Ukiwa mweusi kabla ya hapo, makaa ya chini yapunguzwe. Ya juu yasiguswe, kwani kosa la kawaida la sigiri ni kuunguza matako ya biskuti na kuacha nyuso zake zikiwa mbichi.

Biskuti huiva kwa dakika 15 hadi 20. Zikifika nusu ya safari mashimo huwa yamepanda, basi yabonyezwe tena kwa mgongo wa kijiko. Ule ute wa yai uliobaki baada ya kiini kutumika usimwagwe. Upigwe kidogo kwa uma na kupakwa ndani ya kila shimo dakika tatu au nne kabla ya kuipua. Ute huo hukauka ukawa utando mwembamba unaozuia rojo lisipenye na kulowesha biskuti. Zikiisha kuiva zitolewe na kupozwa kabisa.

Sasa chuma. Mafundi wa Katwe mjini Kampala, au mhunzi yeyote wa mtaani, wanaweza kukitengeneza kwa kazi ya muda mfupi: kipande cha chuma cha mviringo, upana wake sentimita 4 na unene wake sentimita 1, kikiunganishwa na nondo nyembamba ya urefu wa mkono na kutiwa mpini wa mti. Uzito una maana yake, kwa kuwa chuma chembamba hupoa kabla hakijaifanya kazi. Fundi aambiwe wazi kwamba kisiwe chuma kilichopakwa rangi, wala kilichopakwa madini ya zinki kama mabati ya paa, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaodhuru mapafu. Aluminiamu nayo haifai kabisa, maana huweza kuyeyuka makaani. Wenye uwezo watengeneze viwili, ili kimoja kikitumika kingine kiwe motoni.

Sukari inayotoka Lugazi, ambako kiwanda kilianza mwaka 1924, au Kakira, kilikoanza mwaka 1930, huweza kuwa na chembe kubwa. Chembe hizo huchelewa kuyeyuka, nazo zikichelewa rojo lililo chini hupata moto na kuchemka. Kwa hiyo sukari ya juu itwangwe kidogo kinuni, isiwe vumbi, bali iwe laini kama mchanga wa ziwani, na iwe kavu kabisa. Kila shimo lijazwe rojo hadi ukingoni na kusawazishwa, kisha linyunyiziwe sukari nusu kijiko cha chai.

Chuma kikae ndani ya makaa mpaka kianze kuwa chekundu. Kitolewe, kigongwe mara moja juu ya tofali ili majivu yaanguke, na kishushwe polepole mpaka kiguse sukari tu, bila kukandamiza. Utasikika mlio, na moshi utapanda. Kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, sukari huyeyuka, hutokota na kugeuka rangi ya asali. Chuma kiinuliwe papo hapo. Sukari huanza kubadilika rangi ipitapo nyuzi 160 za sentigredi, na ikikaribia nyuzi 200 uchungu huishinda ladha. Kati ya hizo mbili ndipo penye harufu inayotafutwa, na nafasi yenyewe ni ya nukta chache tu. Biskuti ya kwanza na ya pili huenda zikawa nyeusi. Mpishi aliyezoea kashata ataipata ya tatu. Baada ya kila biskuti mbili au tatu chuma kikwanguliwe juu ya tofali na kurudishwa makaani.

Katika hatua hii watoto waliokuwa wakibonyeza madonge wawe mbali na sigiri, na amri hiyo isilegezwe kwa machozi wala kwa bembelezo. Mjini Kampala, ulioko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Sukari iliyoyeyuka ina joto karibu maradufu ya hilo. Tena maji hutiririka yakaondoka, lakini sukari hunata juu ya ngozi na kuendelea kuunguza. Barazani mwa nyumba za askari, ambako familia kadhaa hupika bega kwa bega na watoto hukimbia baina ya masigiri, ni lazima chuma kiwe na mahali pake pamoja pa kurudi, wala kisiwekwe chini hata mara moja. Chuma kilichopoteza wekundu wake hakionekani kuwa cha moto, na bado kinaweza kuchuna kiganja cha mtoto.

Ndoo ya maji safi iwekwe karibu kabla ya kazi kuanza. Ikitokea mtu ameunguzwa, sehemu hiyo imiminiwe maji ya baridi mara moja na kwa muda wa dakika 20 kamili, si dakika mbili. Pete au bangili ivuliwe kabla ya uvimbe. Sukari iliyoganda juu ya ngozi isivutwe kwa nguvu, kwa kuwa itatoka na ngozi. Isipakwe siagi, wala unga, wala dawa ya meno, wala barafu isiwekwe. Malengelenge yasipasuliwe. Aliyeungua akiwa ni mtoto mdogo, au sehemu ikiwa ni uso, mkono au kiungo, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Biskuti zikisha kufunikwa, ziachwe dakika tano ili uso wa sukari ukaze. Jino likigusa husikika mpasuko mdogo, kisha ukali wa limau, kisha ulaini wa biskuti. Na yeyote aliyezionja katika saa ya kwanza haulizi kwa nini mpishi alihangaika. Lakini saa hiyo ya kwanza ndiyo yake. Sukari iliyounguzwa huvuta unyevu wa hewani, hasa katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria na wakati wa masika, na baada ya saa chache kioo kile hulainika kikawa shira ya kunata. Kwa sababu hiyo wageni wakitazamiwa saa kumi, biskuti ziokwe asubuhi, rojo liwe tayari mchana, na chuma kiingie makaani wageni wakikaribia kufika. Rojo lililobaki hukaa juma moja katika jokofu. Pasipo jokofu liliwe siku ile ile, kwa mkate.

Familia nyingi zitauliza kama biskuti hizi zaweza kupelekwa kwa baba au kaka aliye katika kituo cha mbali. Zikiwa zimejazwa rojo, haziwezi. Mayai na joto la safari havipatani. Ziokwe tupu, zenye mashimo yake, zipoe usiku kucha, na zifungwe katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, ambamo hukaa majuma mawili bila kuharibika. Mwenye kuzipokea atajaza mwenyewe jemu au asali. Kopo likiwa na nafasi, malimau mawili matatu yazungushiwe karatasi na kutiwa katika mfuko mwingine, kando, yasije yakazilowesha.